Nailoni ya Siti Haitolewi

Jumapili, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu mwenye chombo. Pikipiki mpya, nyekundu, bado inanukia duka. Nimekabidhiwa na mjomba, kaka yake mama, mbele ya mashahidi: mama, binamu yangu, na kuku wawili wa jirani waliokuja bila kualikwa.

Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi mji wa pili na hana mzaha. Akatoa masharti. Kadi na bima zinabaki kwa jina lake. Nikimaliza mwaka bila mkwaruzo, pikipiki inakuwa yangu moja kwa moja. Ukionekana mkwaruzo mmoja, inakwenda kwa binamu. Yeye mwenyewe atakuwa anapita kukagua, kwa kuanzia Alhamisi hii. Nikamwambia mjomba, usijisumbue, mkono huu umezaliwa kwa usukani. Akasema mkono huo ndio uliovunja toroli lake. Watu wengine hawasahau mambo.

Binamu tunamwita Mstaarabu. Anapiga pasi mpaka soksi. Yuko stoo ya dawa na huenda kazini kwa baiskeli yenye kengele. Alipotajwa kwenye masharti, alitabasamu. Nimeliona tabasamu lile. Ni la mtu anayesubiri mirathi.

Siti, tangi, taa, hata vioo vya pembeni, vyote vina nailoni ya kiwandani. Mama kasema niitoe, siti inateleza. Nikamwuliza kwa upole: bila nailoni, watu watajuaje kwamba ni mpya? Hata rimoti yetu ya televisheni ina nailoni tangu niko darasa la pili, na mpaka leo ni mpya kabisa, ingawa haifanyi kazi. Mama alikuwa na jibu. Lilihusu akili zangu, silinukuu.

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vizuri. Ingeishia hapo ningeshukuru.

Asubuhi nilitoka na chombo kwenda kijiweni, kwa njia ndefu, ile inayopita mbele ya fundi cherehani, kwa sababu pale barazani hakukosi wasichana wanaosubiri kupimwa nguo. Mbele ya duka kuna tuta. Mtu wa kawaida hupunguza mwendo. Mimi nikatoa kifua.

Pikipiki ikapanda tuta. Siti ilikuwa na umande juu ya nailoni. Makalio yakaanza safari yake ya kurudi nyuma. Mikono ikang'ang'ania usukani, maana yake ikavuta moto, na pikipiki ikadhani nimeiamrisha iondoke. Nikajikuta nimekaa juu ya tuta, miguu nimenyoosha mbele kama mtu anayeota jua, naitazama pikipiki yangu ikiingia dukani peke yake.

Halafu nikaona bibi harusi anaanguka. Gauni jeupe, shela, kila kitu. Kichwa kikaachana na mwili, kikabingirika barabarani mpaka kwenye viatu vyangu. Nikazimia. Hapana, nilifumba macho kwa heshima ya marehemu. Nilipoyafumbua, fundi cherehani alikuwa amesimama juu yangu akiniambia nimrudishie kichwa chake. Kumbe ni sanamu ya kuvalishia nguo. Wasichana walicheka mpaka mmoja akashika ukuta.

Hasara: sanamu imevunjika kiuno. Gauni la harusi limepakwa oili kuanzia kifuani, na harusi yenyewe ni Jumamosi hii. Pikipiki, upande wote wa kushoto: kioo hakipo, indiketa inaning'inia, tangi limechunika, na shokapu ya mbele imepinda. Mimi, nailoni ya suruali tu. Yaani suruali. Nimechanganyikiwa, nailoni iko salama.

Fundi cherehani ni mama mmoja mnene anayeongea na pini mdomoni na hajawahi kumeza hata moja. Akasema mambo madogo haya, twende kwenye bima yako. Bima iko kwa jina la mjomba. Ukiwapigia bima, wao wanampigia mjomba. Mjomba anampigia mama. Mama anampigia kila mtu. Jua likizama Mstaarabu yuko juu ya siti yangu anapiga kengele.

Nikampigia magoti. Nikamwomba tumalizane kiutu uzima. Akanitazama juu mpaka chini, akarudi juu. Akasema nirudi kesho, nimeoga.

Pikipiki nimeikokota mpaka nyuma ya nyumba na kuifunika turubai. Mama nimemwambia naikinga na jua. Kasema hajawahi kuona chombo cha usafiri kisichopenda kusafiri.

Jumanne, 5 Machi

Mapema nilipita kijiweni kutafuta ushauri wa kisheria kwa Pancha. Pancha ni rafiki yangu na mwanasheria wa pale, kwa sababu aliwahi kulala mahabusu. Kasema bima ziko mbili. Ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe unakula hasara yako. Kubwa inalipa kila kitu, mpaka taa. Akaniuliza mjomba alikata ipi. Nikacheka. Mjomba anavunja kijiti cha meno vipande viwili ili kingine kitumike kesho. Huyo akate bima kubwa? Basi, hakuna haja hata ya kuuliza. Sikuuliza.

Nikaenda kwa fundi cherehani, nimeoga. Hukumu yake ni hii. Kitambaa cha gauni jingine kipo, nguvu anazo, ila sanamu hana. Akanizungushia utepe. Kifua, kiuno, nyonga. Akaguna. Vipimo vya bibi harusi, kasoro mabega. Nikamwambia fundi, mama, mimi ni dume. Akajibu kwamba kiuno hakina habari hiyo. Nitasimama badala ya sanamu mpaka gauni liishe, na yeye hatatamka neno bima mbele ya mtu.

Nikapandishwa juu ya stuli. Nikavishwa. Nikakatazwa kupumua kwa fujo. Bibi harusi mwenyewe akaja kuangalia kazi, akanizunguka, akasema kwa kweli nimependeza, na kama mume wake akichelewa Jumamosi tutaangalia la kufanya.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nani akaingia kuchukua suruali yake iliyopunguzwa? Mstaarabu. Akasimama mlangoni. Akaitazama shela. Akachukua suruali, akashukuru, na wakati wa kutoka akasema gauni limenikaa. Hakusema lingine. Hiyo ndiyo hatari yake. Mtu wa kawaida angecheka, tungejua moja.

Jumatano, 6 Machi

Fundi pikipiki amekuja nyuma ya nyumba wakati mama yuko sokoni. Akafunua turubai, akaifunika tena taratibu kama anafunika mgonjwa. Shokapu mpaka iagizwe. Wiki ijayo, labda. Nikamwambia mjomba anakuja kesho. Kasema basi mjomba aagize yeye.

Watu wenye vichwa vidogo wangekata tamaa. Mimi nikakaa juu ya ndoo na kufikiri, na wazo likaja lenyewe. Pancha ana pikipiki kama yangu. Kampuni moja, rangi moja, kaichukua miezi michache kabla yangu. Tofauti ni matope na kibao cha namba.

Pancha alikataa kwa heshima, halafu akakataa bila heshima. Nikamwonyesha helmeti yangu mpya, yenye kioo cha kufunua. Iwe yako moja kwa moja, nikamwambia, nipe pikipiki kesho mchana tu, isimame uani, mjomba aione, basi. Akaivaa. Akajitazama kwenye dirisha la duka la jirani. Akanipa ufunguo bila kugeuka.

Nimeiosha kwa mswaki. Nimehamisha kibao cha namba kutoka kwangu. Ikapendeza, lakini ilikuwa bado ina sura ya pikipiki inayofanya kazi. Kuna kitu kilikosekana. Nikakijua. Nikaenda kwenye turubai, nikabandua nailoni yote ya kwangu, siti, tangi na taa, nikaivalisha ya Pancha na kuibana kwa gundi ya karatasi. Nikarudi hatua chache kuiangalia.

Sitaki kujisifu. Lakini hata mimi mwenyewe nilitaka kujinunulia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeketi kwa upande mmoja kuandika haya. Kuna pini mahali.

Mjomba alisema atafika mchana. Fundi cherehani akaniita asubuhi, mara ya mwisho, kupima pindo. Nikaona muda upo. Nikamwambia mama nakwenda kwa fundi kupunguza suruali, nikaacha pikipiki inang'aa uani kama kitu cha maonyesho.

Mjomba akafika asubuhi. Hii ndiyo shida ya watu wasio na mzaha. Nasikia aliizunguka pikipiki, akaigusa nailoni, akamwambia mama kwamba kumbe mtoto amekua. Akauliza niko wapi. Mama akamwelekeza. Na kwa kuwa miguu yake inamsumbua na ufunguo ulikuwa pale pale, mama aliporudi jikoni, mjomba akapanda.

Mimi huku niko juu ya stuli, shela imenifunika uso, fundi yuko chini ana pini kumi mdomoni. Nikasikia mlio wa pikipiki. Nakumbuka nilifikiri, dereva huyu hapunguzi mwendo, hajui kuna tuta.

Kupitia shela nikaiona siti inapanda, mjomba anashuka. Kilichofuata nakijua kwa moyo, kwa sababu nimewahi kukifanya. Makalio nyuma, mikono mbele, moto juu. Pikipiki ikaja kwetu peke yake, imefurahi.

Safari hii sanamu ilikimbia.

Nilitoka mle kwa dirisha la pembeni, gauni nimelikunja mkononi, nikatokea barabarani. Mjomba alikuwa amekaa juu ya tuta, miguu mbele, kofia imemfunika jicho moja. Akaniona. Akasema kwa sauti inayotetemeka, bibi harusi, binti yangu, hujaumia? Ningefanya nini? Nikajibu kwa sauti nyembamba kwamba nashukuru baba, mimi mzima. Akamshukuru Mungu. Wasichana wa barazani walikuwa wamelala chini, si kwa ajali, kwa kicheko. Mjomba alidhani wanamcheka yeye. Nikaliacha liwe hivyo.

Nikazunguka nyuma, nikavua, nikarudi kwa njia nyingine nikihema, shikamoo mjomba, pole mjomba, kuna nini tena. Mjomba mwili mzima, ila heshima yake ilikuwa imechubuka. Pikipiki imelala juu ya meza ya kukatia, upande wa kushoto, kioo hakipo, indiketa inaning'inia. Nikahisi niliwahi kuiota ndoto hii.

Mjomba akanivuta pembeni. Akaniomba, yeye aniombe mimi, nisimwambie mama. Kumbe ujanani aliingia na pikipiki ya watu kwenye banda la bata, na mama ndiye aliyeokota bata. Tangu siku hiyo alimkataza kaka yake kugusa usukani. Nikamwahidi kwa sura nzito. Nikaanza kuona faida inakuja.

Halafu akasema nisiwe na wasiwasi hata kidogo. Alikata bima kubwa.

Nikamwuliza, kubwa, kubwa? Akasema kubwa kabisa. Alinijua mimi, asingekata ndogo. Inalipa pikipiki, inalipa duka, inalipa meza. Na akatoa simu.

Nikajaribu kumzuia. Nikasema mjomba, acha nitengeneze mimi kwa jasho langu. Akaguswa. Machozi yakamlengalenga, akanishika bega, akasema mtoto mwenye moyo kama wangu hapaswi kutaabika. Akapiga. Bima wanakuja kesho kuikagua pikipiki ya Pancha.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango ulikuwa rahisi: alfajiri niitoe ya Pancha pale dukani, niweke ya kwangu, nirudishe kibao. Zimeumia upande uleule, nani angejua? Nikafika nikamkuta mjomba amekaa kwenye benchi la fundi, kajifunika koti, anailinda. Alisema hataki mtu aguse ushahidi mpaka bima waje. Nikamletea chai. Akanishukuru, akaendelea kulinda.

Mkaguzi wa bima ni dada mmoja mpole, koti lina mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka. Akapiga picha tuta. Akapiga picha mlango. Akapiga magoti na kitochi, akasoma namba zilizogongwa kwenye injini, akatazama kadi ya mjomba. Akasoma tena. Akamwuliza mjomba kama pikipiki imebadilishwa injini ndani ya wiki. Mjomba akanitazama. Nikaeleza kwamba jua kali huwa linaharibu namba za chuma. Dada akasema yuko kazini siku nyingi, hilo hajakutana nalo, na akaniangalia kama mtu anayetaka kunipiga picha na mimi.

Bado nilikuwa na maelezo mengine. Lakini akatokea mtu kwa mbali, helmeti mpya, kioo kimefunuliwa, anatembea kwa maringo. Pancha. Alikuwa anafuata pikipiki yake, ya jana mchana tu. Akafika mlangoni. Kioo cha helmeti kikaanguka chenyewe, kikamfunika uso. Ndani ya helmeti tukasikia sauti inasema hiyo ni yangu.

Basi nikasema. Si yote kwa mpigo. Nilianza na umande. Fundi cherehani akamalizia pale niliporuka, na niliruka pengi. Mjomba aliposikia kwamba yule bibi harusi aliyemwita binti yake ni mimi, aliketi.

Wakati huohuo mama akaja na Mstaarabu, maana mtaa ulishamfikishia habari. Mjomba akasimama, uso umekaza. Akasema masharti ni masharti. Akamwambia Mstaarabu amfuate nyuma ya nyumba akaione pikipiki yake, na akamnyooshea ufunguo wa kwangu, alioninyang'anya mfukoni.

Nilikuwa nimeishika pikipiki ile asubuhi moja tu, na hata kwenye asubuhi hiyo tulitengana njiani.

Mstaarabu akarudi nyuma, mikono ikaingia mifukoni. Akasema samahani mjomba, yeye pikipiki anaziogopa tangu utoto. Jumapili alipotajwa alitetemeka mpaka meno yakaonekana. Wiki nzima anaomba nisipate mkwaruzo. Jumanne aliponiona na shela hakuuliza kitu, alijua vyovyote ilivyo ninapigania kumwokoa.

Nimelifikiria jambo hili na naona ni hila. Ila ni hila ya hali ya juu.

Mjomba akabaki na ufunguo hewani. Akasema basi ataiuza. Hapo mama akauliza swali dogo. Jumatatu aliyeingia dukani anamjua. Na jana aliyeingia alikuwa nani? Msichana mmoja wa barazani akanyoosha kidole kwa adabu: huyu baba hapa.

Mama akamtazama kaka yake. Akasema neno moja tu: bata.

Mjomba akauweka ufunguo juu ya meza ya kukatia, mbele yangu, akaenda kusimama nje.

Dada wa bima akachana alichokuwa ameandika, akasema tuanze upya na safari hii apewe ukweli peke yake. Ajali ya Jumatatu bado iko ndani ya muda wa kuripotiwa. Pikipiki yangu italipwa, na sanamu, na gauni la kwanza. Ya Pancha haimhusu, aulizwe aliyeipanda na aliyeiazima. Kwa hiyo mjomba ataitengeneza, na mimi nitambebea saruji dukani kwake mpaka Pancha acheke tena. Mwisho akauliza chanzo cha ajali aandike nini. Watu wote wakasema kwa pamoja, hata bibi harusi aliyekuwa amekuja kuchukua gauni lake: nailoni.

Masharti yamepungua, limebaki moja. Niitoe.

Jumamosi, 9 Machi

Harusi imekwenda vizuri. Bwana harusi hakuchelewa. Gauni halina hata doa, na hilo ni shukrani kwa mtu aliyejua kulikimbiza. Watu walilisifu sana. Nikamnong'oneza bibi harusi kwamba najua linabana kwapani upande wa kulia. Akasema kati ya watu wote ukumbini ni mimi peke yangu niliyemwelewa.

Jumatano, 20 Machi

Mgongo una saruji mpaka ndani, lakini leo pikipiki imerudi. Shokapu mpya, kioo kipya, indiketa mpya, tangi limepigwa rangi. Fundi pikipiki kabadilisha na siti, kwa sababu kumbe ile ya zamani ilipinda chuma cha chini dukani kwa mama wa pini. Bima wamelipa. Mjomba alikuwa sahihi kukata kubwa, na mimi nilikuwa sahihi kuihitaji. Kila mtu kafanya sehemu yake.

Siti mpya imekuja na nailoni yake.

Mama kanikumbusha, mbele ya Mstaarabu. Nikasema naitoa. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ncha, nikavuta kidogo, nikaona ngozi ya chini jinsi ilivyo nyeusi na safi. Mkono ukakataa. Halafu nimefikiri kwa kina. Kosa halikuwa nailoni. Kosa lilikuwa umande. Nailoni kavu haina neno.

Kwa hiyo ili maji yasikae juu yake, nimeipaka mafuta ya kung'arishia dashibodi, tabaka mbili. Tone la maji likidondoka halikai hata kidogo, linateleza lenyewe. Naona aibu kwamba hakuna aliyewahi kufikiria hili kabla yangu.

Kesho mjomba anakuja. Anataka kwenda ofisi ya bima kumshukuru yule dada, na kwa kuwa mama kamkataza usukani, kaomba nimpakie. Nimemwambia asiwe na shaka, akae nyuma kabisa, ajiachie.